Safari ya Luthuli kumtafutia mama kompyuta ya duka

ASUBUHI ya Jumamosi, mwendo wa saa mbili na nusu, tulipanda matatu mtaani Umoja tukielekea katikati ya jiji la Nairobi. Mama niliyefuatana naye ana duka la vifaa vya ujenzi: misumari, rangi, mabati, kufuli na saruji. Kibeti chake alikuwa amekibana kwapani, na ndani yake mlikuwa na Sh35,000. Fedha hizo zilikuwa zamu yake ya chama, na alikuwa ameingoja kwa miezi kumi na mmoja.

“Fundi,” aliniambia wakati matatu ilipokuwa ikijipenyeza katika msongamano wa Jogoo Road, “pesa hizi hazina ndugu. Zikipotea leo, zimepotea.”

Nilimwelewa. Kazi yangu ni kuwatafutia wafanyabiashara wadogo kompyuta ambazo wanaweza kuzimudu na ambazo hazitawatupa mkono. Nimeifanya kwa miaka kadhaa, lakini hadi leo kila nikienda mjini na fedha za mtu, moyo hunidunda.

Mama huyu hakuamka tu siku moja akatamani kompyuta. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na stakabadhi ya eTIMS, ule mfumo wa Mamlaka ya Ushuru wa kutoa ankara kwa njia ya elektroniki, haikubaliwi katika hesabu za kodi, isipokuwa zile gharama zilizosamehewa na sheria. Makandarasi wanaonunua saruji dukani kwake walianza kumdai stakabadhi hiyo, na wale aliowachelewesha walihamia kwa jirani. Simu yake ilimwezesha kutoa stakabadhi moja moja, lakini bidhaa zaidi ya mia tatu pamoja na madeni ya wateja wa mtaa mzima ni mzigo ambao kioo cha simu hakiwezi kuubeba.

Matatu ilipita City Stadium, ikaingia Landhies Road na kulipita soko la Muthurwa. Hapo nilikumbuka deni langu mwenyewe.

Daftari la Nyamakima

Miaka michache iliyopita nilimnunulia kompyuta mzee mmoja anayeuza nafaka Nyamakima. Niliipata kwa bei ya kutupa katika kibanda kimoja mjini, na kwa kuwa iling’aa na kuwaka upesi, nilijiona mjanja. Nilihamisha madeni yote ya wateja wake, gunia kwa gunia, kutoka kwenye daftari hadi kwenye mashine. Kisha nikamwambia kwamba daftari halina kazi tena. Mzee aliniamini, akalitumia kuwashia jiko.

Wiki ya tano mashine ilianza kutoa sauti ya kukwaruza. Siku ya pili yake haikuwaka. Diski ilikuwa ya zamani, imechoka kabla hata haijafika kwetu, nami sikuwa nimeipima. Nilirudi kwa aliyeniuzia nikakuta kibanda kile kimegeuka duka la viatu. Jirani zake hawakujua alikohamia.

Mzee hakunigombeza. Alisema maneno machache tu: “Fundi, daftari langu halikuwahi kufa.” Wadeni waliokuwa waungwana walilipa. Wengine walikumbuka nusu ya walichochukua. Ndiyo sababu nikishuka Ronald Ngala siku hizi, siendi tena kutafuta mashine inayong’aa.

Barabara ya chifu

Luthuli Avenue ni barabara fupi inayoacha Tom Mboya Street na kuteremka upande wa River Road. Imepewa jina la Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini, kiongozi wa chama cha ANC na Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani, ile ya mwaka 1960. Mwaka 2019 barabara hii ilikarabatiwa. Njia za waenda kwa miguu zilipanuliwa, miti ikapandwa, na magari yakaachiwa kupita upande mmoja tu.

Lakini makelele hayakukarabatiwa. Kila duka limetoa spika zake mlangoni: huku taarabu, pale nyimbo za Injili, ng’ambo benga, na vyote vinakufika sikioni kwa pamoja. Televisheni zimepangwa ukutani toka chini hadi juu. Vijana husimama mlangoni na kukuita kwa jina lolote litakalokufanya ugeuke: shosho, mathe, bosi, daktari.

“Mathe, kompyuta? Njoo huku, bei ya jana!”

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilimwomba mama tusimfuate yeyote anayetushika mkono. Wengi wa vijana hao si wenye duka. Ni madalali, na ukiingia naye, ujira wake umeshaongezwa kwenye bei kabla hujasalimia.

Tuliingia duka la kwanza kwa miguu yetu wenyewe. Mezani palikuwa na kompyuta nyeusi, imefutwa vumbi ikatakata, na kioo chake cha inchi 19. Bei ni Sh14,500 kila kitu. Mama alinitazama kwa macho ya matumaini. Kifuani mwa mashine palibandikwa kibandiko cha Core i5.

“Ni i5 ya kizazi cha ngapi?” niliuliza.

“i5 ni i5, bosi.”

Hapo ndipo wanunuzi wengi huumia. Jina Core i5 limetumiwa na kampuni ya Intel tangu mwaka 2009. Kusema i5 bila kutaja kizazi ni sawa na kusema unauza ng’ombe bila kutaja umri wake. Siri imo katika nambari inayofuata. Ukiona i5-3470, ile 3 ya kwanza ni kizazi cha tatu, na chipu hiyo ilitoka mwaka 2012. Ukiona i5-8500, hicho ni kizazi cha nane, nayo ilitoka mwaka 2018. Kibandiko cha nje kinaweza kung’olewa na kubandikwa penginepo kama stempu. Kwa hiyo niliiwasha mashine na kufungua ukurasa wa maelezo yake ndani ya Windows. Ilikuwa ni i5-3470.

Je, kizazi kina umuhimu gani kwa muuza misumari? Kinao. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo, kwa kanuni zake rasmi, huzikubali chipu za Intel kuanzia kizazi cha nane, ukiondoa chache mno. Muuzaji alinionyesha kwamba Windows 11 imo tayari katika mashine yake ya kizazi cha tatu. Ni kweli ilikuwamo, lakini iliingizwa kwa mlango wa nyuma, na kitu kilichoingia kwa mlango wa nyuma kinaweza kukataa masahihisho siku yoyote. Kwa mwanafunzi anayejifunza kupiga chapa, mashine hiyo si mbaya, hasa akiwekewa Linux ambayo haina malipo. Kwa duka linalotunza hesabu za kodi, hapana.

Mitumba ya ofisi

Kabla hatujaondoka Luthuli tulinunua chai, tukasimama kando. Mama aliuliza swali ambalo wateja wangu wote huuliza: kwa nini nisimnunulie mashine mpya?

Nilimjibu kwamba kwa fedha zake, mashine mpya atakayopata ni ile ya daraja la chini, iliyotengenezwa kwa ajili ya matumizi mepesi ya nyumbani. Lakini kwa fedha hizo hizo anaweza kupata mtumba wa ofisi. Makampuni ya Ulaya hununua au kukodi kompyuta kwa mamia, huzitumia kwa miaka mitatu, minne au mitano, kisha huziondoa zote kwa siku moja hata kama ni nzima. Wafanyabiashara huzikusanya, huzisafisha na kuzisafirisha kwa makontena. Nyingine hupitia Dubai, na hatimaye hufika kwetu kupitia bandari ya Mombasa. Hapa mjini huitwa “ex-UK”, hata zile ambazo hazikuiona Uingereza.

Majina ya kutafuta ni yale ya safu za ofisini: OptiPlex za Dell, ProDesk na EliteDesk za HP, na ThinkCentre za Lenovo. Ziliundwa zifunguliwe na fundi wa ofisi kwa haraka, nyingi bila hata bisibisi. Kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi, vipuri vyake havikosekani. Feni ikifa leo, kesho unapata nyingine kutoka kwa ndugu yake aliyekwisha kufa.

Zile zilizotoka Uingereza zina faida nyingine ndogo. Plagi yake ni ya vichwa vitatu kama zetu, na umeme wake unakaribiana na wetu wa volti 240. Mashine ya zamani kutoka Marekani inaweza kuwa na kiswichi kidogo chekundu nyuma kilichowekwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo hivyo, utasikia mlipuko mmoja tu na biashara imekwisha.

Ghorofani Moi Avenue

Tuliiacha Luthuli, tukavuka Tom Mboya hadi Moi Avenue, ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa jina la Government Road. Huku kompyuta nyingi haziko mlangoni. Ziko ghorofani, katika vibanda vilivyogawanywa kwa vioo na mbao, kila kimoja kikitosha meza mbili na watu wanne waliosimama.

Katika ghorofa ya pili tulipata tulichotafuta: i5-8500, kumbukumbu ya RAM GB 8, diski ya SSD ya GB 256, kioo cha inchi 22. Bei ni Sh24,000. Nilianza kuikagua kama nilivyojifunza kwa machungu.

Kwanza niliomba ifunguliwe ubavu. Vumbi kidogo si hoja. Nilitazama kama kuna dalili za kutu au maji, na kama vile vikopo vidogo vya umeme vilivyosimama juu ya ubao wake havijavimba vichwa. Kipande cha RAM kilikuwa kimoja, na nafasi ya pili ilikuwa wazi. Hilo ni jambo jema, kwani mama anaweza kuongeza siku za usoni bila kutupa kitu.

Pili nilipima diski. Ziko programu za bure, mfano CrystalDiskInfo, zinazoonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Ilisoma saa 9,000. Ofisi inayowasha mashine saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hutimiza saa 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo hiyo ilikuwa miaka minne na nusu ya kazi ya kawaida. Afya yake ilikuwa nzuri. Lakini jihadhari, msomaji: ukikuta saa chache mno, huenda diski imebadilishwa juzi, na hapo haikuambii lolote kuhusu umri wa mashine yenyewe.

Tatu, niliizima, nikaichomoa kwenye umeme kwa dakika kadhaa, kisha nikaiwasha tena. Saa yake ikirudi nyuma miaka, ile betri ndogo mfano wa sarafu imekufa. Huo si ugonjwa wa kuua, lakini ni sababu halali ya kuomba punguzo. Nne, nilichomeka flashi katika kila tundu la USB, mbele na nyuma. Tano, niliiacha ikicheza video kwa nusu saa ili nisikie feni na nione kama itapata joto na kujizima.

Mama naye alikuwa akikagua kivyake. Aliona kwenye kibodi, juu ya nambari 3, alama asiyoizoea.

“Hii ni nini?”

“Ni alama ya pauni, mama. Kibodi ni ya Uingereza.”

“Basi mimi nitauza kwa shilingi,” alisema, na hata muuzaji akacheka.

Mashine ilipita mitihani yote. Nilikuwa tayari kumwambia mama afungue kibeti. Ndipo yeye akauliza jambo ambalo mimi sikuliuliza.

“Utanipa stakabadhi ya eTIMS?”

Muuzaji alisita. Alisema stakabadhi hiyo itaongeza bei. Angeweza kutupa risiti ya kawaida, ile ya kitabu. Mama aliomba kuiona. Haikuwa na jina la duka wala nambari ya kibanda. Ilikuwa na nambari ya simu tu, imepigwa mhuri. Waranti je? “Wiki mbili, mathe. Ikisumbua, nipigie.”

“Asante, mwanangu,” alisema mama, akanigeukia. “Twende.”

Tukiwa kwenye ngazi nilijaribu kumtetea yule kijana. Nilimwambia kwamba mashine ni nzima kabisa. Mama alisimama.

“Fundi, wewe umeangalia mashine. Mimi nimeangalia mtu. Nimeuza mabati miaka kumi na tisa. Bati likitoboka, mteja anajua mlango wangu. Huyu nitamtafuta wapi?”

Nilinyamaza. Lile duka la viatu lilikuwa limenirudia machoni. Nilikuwa nimejifunza kupima diski, lakini somo kubwa la Nyamakima lilikuwa bado halijaniingia: uimara wa kompyuta nusu uko ndani ya mashine, na nusu nyingine uko kwa mtu utakayemrudia.

Risiti yenye jina

Ghorofa hiyo hiyo, vibanda vitano mbele, tulipata duka la ndugu wawili. Mashine ilikuwa ya aina ile ile, bei Sh28,000. Nilirudia ukaguzi wote, nao hawakukasirika. Mmoja alinipa hata bisibisi. Waranti yao ilikuwa miezi sita, imeandikwa. Stakabadhi ya eTIMS walitoa bila kuulizwa mara mbili, na juu yake wakaandika nambari ya siri ya mashine, ile iliyobandikwa nyuma na ambayo pia huonekana ndani ya mashine yenyewe. Nilihakikisha zinalingana. Windows ilikuwa na leseni yake halali tangu kiwandani.

Tulizungumza bei hadi Sh26,500. Tuliongeza UPS ya Sh6,500, kwa maana umeme wetu tunaujua. Mnamo Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilikaa gizani, na mashine inayozimwa ghafla mara kwa mara haina maisha marefu. UPS haikupi mchana mzima wa kazi, lakini hukupa dakika za kuhifadhi hesabu na kuzima kwa heshima. Tulimalizia kwa flashi mbili za Sh400 kila moja. Mama alibaki na Sh1,200.

Nilisimama pale pale wakati mashine ikifungwa kwenye katoni, macho yangu yakiwa juu yake. Iko mbinu ya zamani ya mjini ambapo unapima moja na kufungiwa nyingine, au RAM ya GB 8 inageuka 4 wakati unahesabu chenji. Sikuwashuku wale ndugu wawili, na wala hawakuona vibaya. Mfanyabiashara mwaminifu hachukizwi na macho ya mteja.

Jioni hiyo, katika duka la mama, tuliiweka mashine juu ya meza mbali na magunia ya saruji, kwa sababu vumbi la saruji ni sumu kwa feni. Bintiye alianza kuingiza bidhaa, misumari kwanza. Nilimfundisha kunakili hesabu zote kwenye flashi kila jioni: flashi moja hubaki dukani, nyingine huenda nyumbani. Wezi na moto havipigi hodi.

Kisha nikamwambia mama lile ambalo nilipaswa kumwambia mzee wa Nyamakima.

“Daftari usilitupe. Andika kote kuwili kwa miezi mitatu.”

Aliinua uso kutoka kwenye stakabadhi, ambayo alikuwa akiipachika ukutani kando ya kalenda.

“Kwani nani alikuambia nilitaka kulitupa?”

Nilipita Nyamakima Jumatatu iliyofuata. Mzee alikuwa akipima maharagwe, daftari jipya likiwa juu ya gunia. Nilimweleza kuhusu vile vibanda viwili vya Moi Avenue, kile cha Sh24,000 na kile cha Sh26,500. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni ghorofa ya ngapi, kisha akaandika jibu langu kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lake.